Kamati ya Shukrani Chini ya Mbuyu

Nyuma ya milima ambayo misafara ya zamani iliizunguka badala ya kuipanda, kulikuwa na nyika kavu, na katikati ya nyika hiyo ulisimama mbuyu ambao wazee wa wanyama waliukadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Shina lake lilikuwa nene hata ndovu wawili wakisimama pande mbili hawakuonana, na ndani yake mti ulikuwa ukiweka akiba ya maji ya masika, ukayatumia kwa uchumi mkubwa pale kiangazi kilipouvua majani yote. Wazee walisimulia kwamba Muumba alipoupanda mti huo aliupanda kichwa chini, mizizi ikabaki kuielekea mbingu, na kila mzazi alimsimulia mwanawe kisa hicho kwa fahari, ili ajue kwamba hakuzaliwa katika mti wa hivi hivi.

Mbuyu ule ulilisha vinywa vingi na kuhifadhi wengi zaidi. Nyani walipasua mabuyu juu ya mawe na kulamba unga mweupe mchachu. Ndovu wapitao walimeza mabuyu mazima na kwenda kuziacha mbegu mbali, kila moja na samadi yake. Nyuki walikaa katika uwazi wa tawi la mashariki, tetere katika vitawi vya juu, mchwa chini ya mizizi, bundi kwenye pango dogo la tawi lililovunjika, na popo katika uwazi mkubwa wa shina, mle ambamo jua halikuwahi kuingia.

Kila mkazi alikuwa na namna yake ya kushukuru. Tetere walishukuru alfajiri, kwa sauti ya kububujika isiyo na haraka. Nyani walikaa juu ya jabali wakilikabili jua, mikono juu ya magoti, wasiseme neno hadi manyoya yapate joto. Kobe aliinua kichwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya mvua ya kwanza, akakishusha akiamini kwamba amesema yote. Mchwa, ambao wengi wao walizaliwa na kufa bila kuliona jua, walimshukuru aliyeumba giza na unyevu. Bundi alitoa sentensi moja usiku wa manane. Popo nao, kabla ya kuruka magharibi, walining'inia kwa miguu, mbawa wamezifumbata kifuani, kimya. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini anashukuru vile, maana kila mmoja aliona kwamba Mpaji aliyejua kutengeneza koo la tetere na gamba la kobe hawezi kushindwa kuwaelewa wote wawili.

Ukaja mwaka wa ukame, ukafuatwa na mwaka wa neema, na mabuyu yakaning'inia hata matawi yakainama. Hapo ndipo Hondohondo, ndege aliyejaaliwa mdomo uliokizidi kichwa chake na sauti isiyoupungukia mdomo huo, alipoparamia tawi la juu kabisa akasema, "Ndugu zangu, tumepewa. Je, tumeshukuru?" Lilikuwa swali zuri, na huo ndio ulikuwa msiba wake, kwa kuwa wote waliinamisha vichwa na hakuna aliyekuwa na la kujibu. Kesho yake akauliza tena, na wengine wakajibu kwamba wanajitahidi. Siku ya tatu hakuuliza tena kama wameshukuru. Aliuliza nani hajashukuru.

Ikaundwa kamati. Hondohondo alikuwa mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye aliyeuliza, na Kinyonga akawa katibu, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukubaliana na kila msemaji bila kuhama tawi. Baada ya vikao vingi kamati ilitoa masharti matatu: shukrani itolewe jua linapochomoza, ili ionekane, itolewe kwa sauti, ili isikike, na mwenye kuitoa awe kichwa juu, miguu chini, ili Mpaji asije akadhani anadharauliwa. Nyuki waliomba kuendelea na kuvuma kwao, na kwa vile mwenyekiti alikuwa mpenzi wa asali, iliamuliwa kwamba kuvuma ni tawi la kuimba. Kobe alishauriwa kutafuta wakala wa kushukuru kwa niaba yake. Mchwa hawakuonekana kikaoni, kwa hiyo walihesabiwa kuwa wamekubali.

Kisha likafunguliwa daftari la wenye kushukuru, nalo lilikuwa na safu mbili, moja ya ndege na moja ya wanyama. Kazi ilikwenda vizuri hadi zamu ya popo. Ana mbawa, akaandikwa ndege, ananyonyesha, akafutwa, ana meno, akaandikwa mnyama, anaruka, akafutwa. Kinyonga alibadilika rangi mara mbili, na hatimaye akapeleka taarifa kwa mwenyekiti kwamba pana kabila zima linalokula mabuyu ya umma bila kuwa na safu.

Shauri lilisikilizwa saa sita mchana. Ajuza wa popo aliamshwa, akatolewa nje akiwa amejifunika macho kwa ubawa, naye akaomba radhi kwa kutowaona vyema waheshimiwa.

"Bibi," akaanza Hondohondo, "umelala wakati wenzako wanafanya kazi."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Nami hufanya kazi wenzangu wakiwa wamelala, wala hatujawahi kumwamsha mtu."

"Na unaponing'inia hivyo, miguu umemwelekezea nani?"

"Aliyenipa miguu ya kushikia, bwana mkubwa. Nikisimama, naanguka."

Watu wa matawini wakacheka, na Kinyonga akaandika kwamba mshtakiwa amekiri hawezi kusimama mbele ya Mpaji. Tetere mmoja mdogo alinyanyuka akasema kwamba popo hawajamdhuru mtu, na kwamba pengine ingefaa kuwahurumia. Aliambiwa kwamba huruma ni jambo jema mno, na kwa heshima yake imewekwa kwenye ajenda ya mengineyo. Kikao kilifungwa kabla ya mengineyo.

Hukumu ilikuwa fupi: wajifunze kusimama, ama wahame. Magharibi ya siku ile popo walitoka kwa makundi katika uwazi wa shina, kina mama wakiwa na watoto wameng'ang'ania vifuani, wakaielekea milima. Ajuza alikuwa wa mwisho. Alilizunguka shina mara moja akiligusa kwa ncha ya ubawa, naye katika kuondoka hakumtaja mtu kwa ubaya. Uwazi ule ukafagiwa, ukawa ofisi ya kamati.

Sasa, msomaji, ukitaka kumpumbaza mpumbavu, mpe ushindi siku anayokosea. Miezi iliyofuata ilikuwa ya shibe isiyo na mfano. Mabuyu yalikomaa, maganda yake ya manyoya laini yakawa magumu, yakaanguka moja baada ya jingine mlangoni mwa wenye njaa. Buyu huhitaji kama miezi mitano au sita tangu ua kushika hadi tunda kukomaa, kwa hiyo yote yaliyoanguka wakati huo yalikuwa yametungwa popo wakiwapo; lakini hesabu haikuwa miongoni mwa masharti matatu. "Mnaona?" Hondohondo akahubiri. "Tangu tuwaondoe wenye miguu juu, neema imezidi." Na kweli ilionekana imezidi, maana walaji walikuwa wamepungua.

Ikawa desturi kwamba kila aokotaye buyu aseme, "Namshukuru Mpaji, kupitia kwa Mwenyekiti." Lakini njaa haipendi sentensi ndefu, na baada ya wiki kadhaa maneno yakapunguzwa yakawa, "Namshukuru Mwenyekiti." Hakuna aliyekumbuka ni siku gani jina la kwanza lilidondoka, na katibu, aliyekuwa mwepesi wa kuandika kila lisemwalo, hakuwa na mahali pa kuandika lisilosemwa.

Mvua za vuli zilipokaribia, Mama Hondo, mke wa Hondohondo, aliingia tunduni kutaga. Desturi ya ukoo wao yajulikana: mke huingia katika tundu la mti, hujizibia mlango kwa udongo na mavi yake mwenyewe, akaacha ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo, kisha hukaa humo akiatamia, manyoya yake makubwa yakipukutika na kuota upya, asile ila anacholetewa. Mume alimletea panzi na tini bila kukosa, akampitishia ufani, na kabla mke hajameza alikuwa amekwisha kuruka kuwahi kikao.

Mkabala na ufa ule palikuwa na tumba la ua la mbuyu, limening'inia kwenye kikonyo kirefu. Jioni moja, jua lilipozama, Mama Hondo aliliona likipasuka. Petali 5 nyeupe, zenye mikunjo ya nguo iliyokunjuliwa sasa hivi, zilijiviringa kurudi nyuma, na fungu la nyuzi laini zisizohesabika likaachiwa kuelekea chini, likitoa harufu nzito yenye ukakasi. Miaka iliyopita, saa kama hiyo, popo angekuja akalikumbatia ua, akatumbukiza uso ndani yake kunywa utamu, akaondoka shingo imejaa chavua ya manjano. Na shingoni mwake angekuwa amekuja na chavua nyingine, ya mibuyu ya ng'ambo ya milima, miti ambayo kamati haikuijua wala haikuitambua. Usiku ule hakuja mtu. Nondo mmoja alipita, akanywa kwa pembeni, akaenda zake. Alfajiri walikuja nyuki, wakajitwalia chavua ya kutosha mahitaji yao, lakini ua lilikuwa limekwisha kulegea. Kabla jua halijapanda sana lilikuwa la kahawia, na kabla ya usiku mwingine lilianguka lote zima, kwani ua la mbuyu halijui kesho. Usiku wa pili likachanua jingine, na la tatu, na yote yakafuata njia ile ile.

"Baba watoto," Mama Hondo akasema mume alipoleta panzi, "maua yanaanguka bila kushika."

"Mama watoto, wewe unautazama ulimwengu kupitia ufa."

"Na chakula changu hupita katika ufa huo huo. Sijakusikia ukiudharau unapokileta."

Hondohondo alitamani kujibu, ila alikuwa anachelewa kutoa mada juu ya fadhila ya kusikilizana.

Msimu wa mabuyu ulifika, mabuyu hayakufika. Matawi yalitazamwa, yakatazamwa tena. Kamati ilikaa usiku na mchana katika uwazi wa shina, na kwa kauli moja ikagundua kwamba tatizo ni upungufu wa shukrani. Sauti zikaamriwa ziongezwe. Tetere walishukuru hadi wakapwelewa sauti. Nyani walitakiwa kuleta maganda ya mwaka uliopita yawe ushahidi kwamba walikula wakiwa na nia njema. Njaa ilipozidi, ikaonekana ni lazima pana wengine waliojificha ndani ya safu halali. Bundi akaondolewa, kwa kuwa sentensi yake moja ilikuwa ya usiku. Ndovu wakakatazwa kukaribia, kwa sababu hula hapa wakaenda kushukuru kwingine. Na kila mara kundi moja lilipofukuzwa, asubuhi iliyofuata kamati ilisikitika kwamba sauti za shukrani zimepungua, ikaanza kumtafuta mwenye lawama.

Ndipo siku moja, katikati ya hotuba, pakasikika udongo ukibomoka. Mama Hondo alikuwa amevunja mlango wake. Alitoka na manyoya mapya na mwili uliokonda, akarukaruka hadi katikati ya baraza, na kwa kuwa hakuna kanuni iliyotarajia jambo hilo, hakuna aliyemzuia.

"Siku zote nilizokaa ndani," alisema, "nimeishi kwa mdomo wa mwingine. Aliyezoea kulishwa hujifunza kuutazama mkono unaomlisha, hata kama anauona kidogo kidogo. Nyinyi mnamshukuru Mpaji kwa buyu, na ule mkono aliowapitishia buyu mmeufukuza, kwa kuwa ulikuja usiku. Wazee walituambia tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi wakunga tumewafukuza, kisha tukaitisha mkutano kuuliza kwa nini mti hauzai."

Hondohondo akamkumbusha kwamba mzungumzaji hana budi kuinua mkono. Mama Hondo akaendelea.

"Sharti la tatu lasema vichwa viwe juu. Basi viinueni. Litazameni tumba lile lililochelewa, lililobaki peke yake katika tawi la kusini."

Wakaliangalia. Lilikuwa limening'inia kichwa chini, kama lilivyoning'inia kila ua la mbuyu tangu mbuyu uwe mbuyu. Na juu ya tumba yalikuwapo matawi ambayo kila mmoja wao alikuwa amesimuliwa utotoni, akasimulia naye uzeeni, kwamba ni mizizi iliyoelekezwa mbinguni na Mwenyewe aliyeipanda. Pakawa kimya kirefu. Shaibu Nyani akakohoa akasema, "Basi na mti wenyewe hauna safu daftarini." Kinyonga, ambaye kwa muda ule alikuwa hana rangi yoyote, alifungua daftari kuhakikisha, akalifunga.

Wakakubaliana watume mjumbe milimani. Tetere yule mdogo akajitolea, lakini safari ya kuonana na popo ni ya usiku, na tetere usiku haoni. Ikabidi atafutwe Bundi awe kiongozi, na Bundi alikuwa amefukuzwa. Ikabidi kwanza aombwe msamaha Bundi. Hivyo ndivyo wenyeji wa mbuyu walivyogundua kwamba kila mlango waliokuwa wameufunga sasa ulikuwa njiani.

Walimkuta Ajuza wa popo pangoni, ananing'inia. Tetere alikuwa ametunga hotuba ya toba yenye sehemu nne, akafika nusu ya sehemu ya kwanza.

"Kuna ua lililobaki?" Ajuza akauliza.

"Moja, Bibi. Labda mawili."

"Basi tunachelewa."

Akaruka, na ukoo wake ukamfuata. Njiani Tetere, akiongozwa na sauti ya Bundi mbele yake gizani, alishindwa kuvumilia, akamuuliza Bibi kwa nini hakudai hata neno moja la heshima.

"Mjukuu wangu," Ajuza akamjibu, "lau ningekuwa nangoja nishukuriwe ndipo nifanye kazi, ningekufa njaa kabla mwenyekiti wenu hajaanguliwa. Mimi nilipewa ua. Najitahidi kulirudisha likiwa na kitu ndani. Shukrani nyingine siijui."

Msimu ule mbuyu ulizaa mabuyu mawili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyika yaligawanywa bila hotuba, punje kwa punje. Mwaka uliofuata ulizaa kama zamani. Ndovu waliona kutoka mbali, wakaja bila kualikwa. Kobe, aliyekuwa bado anamtafuta wakala, aliinua kichwa mvua ya kwanza ilipoanguka, akakishusha. Nyani walirudi jabalini kukaa kimya. Mtu akipita pale saa ya magharibi sasa huweza kuwasikia tetere wakimalizia dua yao huku popo wakianza yao, na hakuna anayejua mpaka kati ya dua hizo mbili uko wapi.

Ama kamati, hiyo haikuvunjwa, kwani hakuna kamati inayovunjwa kwa sababu ya kukosea. Hondohondo, ambaye kwa haki hakuwa mtu mbaya, alisimama tawini akakiri kwamba kulikuwa na changamoto, akapendekeza iwepo Siku Kuu ya Kuwashukuru Popo, itakayoadhimishwa saa sita mchana, kwa sauti kubwa, wageni rasmi wakiwa wamesimama wima. Shaibu Nyani aliuliza kama wageni rasmi watakuwa macho saa hiyo. Swali lilipokelewa kwa heshima na kupelekwa kwenye kamati ndogo, ambayo Kinyonga, aliyetamka hadharani kwamba tangu awali alikuwa upande wa popo, aliteuliwa kuiongoza. Kamati ndogo ingali inakutana hadi leo ikijadili kifungu kimoja, cha nani atajwe kwanza siku hiyo, Mpaji au Mwenyekiti. Kwa bahati njema, mabuyu hayangoji muhtasari wa kikao.